Sakafu Nisiyoweza Kuiona

Philip Oluoch,
Kimbo, Ruiru.
Ijumaa, 20 Juni 2025.

Mpendwa shemeji Khaemba,

Mulembe kutoka Ruiru. Kwanza niambie, joto la huko Doha limekuachia nyama mwilini? Dada yako Nekesa anasema kwenye ile picha uliyotuma mwezi jana shingo yako imekuwa nyembamba, na anashuku unakula wali mkavu na kulala. Mgongo je? Yale maumivu ya kubeba mabomba yamepungua? Ukiandika, anza na majibu ya hayo, maana mwenye nyumba hii, yaani huyu mke wangu, hatanipa amani mpaka nimsomee.

Sisi huku tunatetemeka. Juni ya Ruiru unaijua, jua linatoka saa nane kama mtu aliyelazimishwa kuja kazini, na saa kumi limeshaondoka. Mtoto wetu Awiti ana kikohozi kidogo lakini anakula na kubishana kama kawaida, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Nekesa bado anashona sare za shule pale Wendani. Mimi bado niko kiwandani Thika, wamenipa likizo ya wiki moja ambayo nimeitumia vibaya, kama utakavyosikia.

Mama yako amemaliza leo wiki ya pili ya matibabu kati ya zile sita. Anachoka sana kuanzia Jumatano. Anakunywa uji, na samaki akimpata anamla nusu. Tukiwauliza madaktari wanasema tusubiri. Nimegundua hiyo ndiyo dawa pekee pale hospitali isiyokuwa na foleni.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu kama mzee wa mission wakati simu ninayo. Unanijua, shemeji. Kwa simu mimi husema "tuko salama" kisha nakata. Na mama mwenyewe alimwambia Nekesa kwamba mambo ya mkwe na mama mkwe hayapigiwi simu. Calvince, mwenzangu wa zamani kiwandani, anarudi huko Jumapili, na ameapa kukufikishia bahasha hii mkononi.

Sasa, mwezi wa nne uliniuliza ununue mashine gani ya kukata vigae, ile ya maji, kwa sababu unataka kuja nayo umalizie nyumba yako ya Kimilili kwa mikono yako mwenyewe. Nilikuahidi jibu refu. Jibu refu ndilo hili, na kabla hujafika mwisho utatamani ungemuuliza mtu mwingine.

Unakikumbuka kile chumba cha nyuma tulichokifanya stoo. Hospitali iliposema mama aje kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki sita, tulijua lazima alale Ruiru. Lakini alale wapi? Sisi Wajaluo tuna yetu na nyinyi Wabukusu mna yenu, ila kwa mama mkwe tulikubaliana zamani bila mkutano: halali nyumbani kwa mkwe, haogi anapooga mkwe, na mkwe haoni kitanda chake. Mama alisema waziwazi kwamba afadhali afie Kimilili na heshima yake kuliko apone bafuni kwangu. Dada yako alilia siku mbili.

Ndipo nikapata wazo la kile chumba. Kina mlango wake, kinatazama upande wa pili, na hakijashikana na nyumba. Nikikitilia choo na bafu ndani, kitahesabika kuwa nyumba yake, na akishaingia mimi sitakanyaga tena pale. Nekesa alimweleza mama, naye akafikiri kutwa nzima, kisha akakubali. Kwa hivyo elewa vizuri, Khaemba: matibabu yote ya mama yako yalikaa juu ya bafu moja dogo, na hilo bafu lilikuwa juu yangu.

Jirani yetu Mwangangi, fundi wa vigae, aliniambia, "Philo, nipe hiyo job. Siku tatu nimekumalizia." Nilimcheka. Miaka kumi na minne nimekuwa fundi mitambo, nimefunga mashine za kusokota nyuzi zenye urefu wa kanisa, sasa vipande vya udongo ndivyo vinishinde? Pesa ambayo ingekuwa ya fundi nikaipeleka Thika, kwenye duka la vifaa karibu na viwanda, nikanunua mashine.

Dukani utaonyeshwa njia tatu, na hata huko Doha nadhani ni hizohizo. Kuna kikata cha mkono, unachora mstari kwa kigurudumu kisha unabonyeza, kigae kinakatika. Hakitaki stima wala maji, lakini kinajua mstari mmoja tu, ulionyooka. Ukikiambia kizunguke bomba la choo kitakutazama. Kuna grainda, ambayo inakata kila kitu pamoja na kidole, na vumbi lake linaingia kifuani. Hiyo sikuitaka mahali ambapo mgonjwa angekuja kulala. Ya tatu ndiyo yetu: meza ndogo ya chuma, diski ya almasi imechomoza katikati, na beseni la maji chini yake. Diski inazunguka huku imelowa, vumbi linageuka uji, na kigae hakishiki joto.

Usidanganywe ununue ile kubwa yenye meza ya kuteleza na pampu. Hiyo ni ya wanaotia vigae kwenye kumbi. Kwa bafu na jikoni, ndogo ya diski ya inchi saba inatosha, na itaingia kwenye sanduku lako. Ila kabla hujalipa, shika ile reli ya kuongozea kigae uitikise. Lazima ikaze mbele na nyuma. Ya kwanza waliyonipa ilikaza mbele tu, nyuma ikawa inapepesuka kama mtu anayetoka harusini. Nikairudisha. Na diski inayokuja ndani ya boksi usiiamini. Yangu ilikuwa ya mapengo mapengo, ya kukatia mawe, na vigae vyangu sita vya kwanza vilitoka na ukingo kama umegugunwa na panya. Nunua yenye ukingo mzima.

Kuhusu kuitumia, maji yafike kwenye diski saa zote, na ukiona yamekuwa mazito kama uji wa wimbi, yamwage uweke mengine. Waya wa stima uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likishuka lidondoke chini badala ya kuingia kwenye umeme. Vaa miwani, kunja mikono ya shati. Usisukume kigae kwa nguvu, kiache kiende kwa hiari yake. Na ukibakisha vidole viwili kufika mwisho, simama, kigeuze, ukate kutoka upande wa pili, la sivyo ile kona ya mwisho itaruka na kukupotea. Nilijifunza hayo yote kwa kuharibu. Mikono yangu wiki hiyo ilikuwa baridi mpaka Awiti akakataa nimshike.

Lakini niliijua mashine, shemeji. Kufikia Jumamosi ya pili nilikuwa nakata duara la bomba la choo mpaka Mwangangi akapiga mluzi. Kosa langu halikuwa kwenye kukata.

Kosa lilikuwa hili. Kiwandani mtambo usipolala sawasawa unakula beringi zake wenyewe. Miaka yote hiyo mkono wangu umezoea kutafuta kiputo cha pimamaji kikae katikati. Basi nililaza vigae vya bafu la mama namna hiyohiyo, kimoja kimoja, nikipima huku na huku, nikigonga kwa nyundo ya mpira mpaka kiputo kitulie. Unaikumbuka picha niliyokutumia, pimamaji juu ya kigae? Wewe ulijibu kwa vidole gumba vitatu. Wewe pia hukuona, na hilo nimelishika mpaka leo kama faraja yangu ndogo.

Mwangangi aliona. Alisimama mlangoni, akaitazama, kisha akasema, "Hii floor ni safi, buda. Lakini maji itaenda wapi?" Nikamjibu kwamba maji yana macho, yataliona tundu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na Mwangangi ana umri mdogo kuliko wangu, kwa hivyo nilidhani methali hainihusu.

Nilikuwa nimepanga kumwaga ndoo ya kujaribu siku ya Jumapili. Alhamisi hospitali ikapiga simu: nafasi imepatikana, mgonjwa aanze Jumatatu. Ijumaa nilijaza nyufa za vigae. Jumamosi jioni mama akafika kutoka Kimilili na begi lake moja, akaingia kwa mlango wake, nami nikawa nimesimama nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa. Nilisikia tu sauti yake ikimshukuru Mungu kwa sakafu inayong'aa. Siku hiyo nilikula sahani mbili.

Wiki nzima ikapita bila neno. Jumatatu ya wiki hii Nekesa alirudi mapema na maziwa, akapitia kwa mama saa saba, muda mfupi baada ya mama kuletwa kutoka hospitali. Alimkuta amepiga magoti kati ya bafu na kitanda, anapanguza maji kwa leso yake na kuyakamulia ndani ya karai.

Sakafu niliyoilaza sawasawa kama kioo haikuwa na upande wa kuyaelekeza maji. Kila alipooga, yalisimama, yakafikiri, kisha yakaenda mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu, yakapita chini ya mlango mpaka chini ya kitanda. Na mama yako kwa siku tisa hakusema neno kwa mtu yeyote. Angelalamikaje juu ya kitu alichojengewa na mkwe? Alikuwa akitoka kule kwenye mashine za mionzi za hospitali, anaoga, kisha anapiga magoti.

"Kwa magoti, Baba Awiti," Nekesa aliniambia jikoni. Hakuwa analia, alikuwa na hasira, na hasira ya dada yako unaijua. "Mama yangu. Na vile hospitali imemmaliza."

Halafu akaniambia lililobaki. Mama alikuwa ameanza kupanga nguo kwenye begi. Alisema Jumamosi apelekwe stendi arudi Kimilili, kwa sababu maji yameanza kupanda ukutani na hataki nyumba ya watu ioze kwa ajili yake. Matibabu yaliyobaki atamwachia Mungu. Jumamosi hiyo, Khaemba, ni kesho.

Sijui kama umewahi kuwa hatua kumi kutoka kwenye kosa lako na usiweze kulifikia. Vifaa ninavyo. Mashine ninayo. Najua kigae gani kimekaa wapi, nimevilaza mwenyewe. Wanasema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, lakini mvungu wenyewe ni wa mama mkwe. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama mikono yangu, na sikuona kazi yake.

Nilikwenda kwa Mwangangi nikamwomba. Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichukua nyundo yake papo hapo. Lakini mama alipoambiwa alikataa. Alimwambia Nekesa, "Mwanaume wa nje aingie nilipolala, na mkwe wangu amesimama uani kama mgeni? Mtamwaibisha." Unaona hesabu yake? Ananilinda mimi. Analala kwenye maji yangu na bado ananilindia heshima.

Nitakuambia na jingine ambalo Nekesa halijui, na usimwambie. Jumanne asubuhi, mama akiwa hospitali na Syombua, mke wa Mwangangi, mimi nilikwenda mpaka kwenye ule mlango na nyundo na patasi. Nilijiambia nitaingia, nitang'oa, nitatoka, nani atajua. Mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli. Nilipousukuma kidogo niliona ndara zake, zimewekwa pamoja, visigino vikiangalia ukuta, zimenyanyuliwa juu ya tofali zisilowe. Sikuona kingine. Nilirudi nyuma kama niliyeunguzwa, nikaenda kukaa karibu na mashine mpaka Awiti akarudi kutoka shule.

Jioni hiyo Nekesa alikata shauri. "Mimi ndio nitaingia. Wewe kaa hapa nje ukate."

"Umewahi kuweka kigae?"

"Nimewahi kuweka kola elfu ngapi?"

"Kola na kigae ni kitu kimoja?"

"Zote zikikaa vibaya watu wanaona," akasema, na akachukua patasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kung'oa vigae kumi na viwili vinavyolizunguka tundu. Kuchimba simiti ya chini, kushusha kifuniko cha tundu kwa upana wa kidole, na kuitengeneza simiti upya ikiinama kutoka kila upande. Kisha kuweka vigae vipya vilivyokatwa mshazari, pembe hadi pembe, ili sakafu ikunjike kuelekea katikati kama mgongo wa bahasha hii unayoishika. Kila kipande na umbo lake. Na mimi wa kukata siwezi kuona mahali kinapokwenda.

Jumatano, mama akiwa hospitali, Nekesa alichimba. Nilisimama chini ya dirisha dogo la bafu, lile la juu, nikisikiliza nyundo. Alipopiga vibaya nilijua kwa sauti. Nilimwambia ashike patasi ikilala, akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Kisha akapima kwa futi yake ya kushonea, akakata mifano kwenye karatasi ya kaki kama anavyofanya na sare, na kunipitishia dirishani. Mimi nikachora juu ya kigae kwa krayoni ya Awiti, maana penseli inafutika maji yakigusa, na nikakata kwa uangalifu ambao sijawahi kuuweka kwenye kitu chochote.

Hakuna hata kimoja kilichoingia. Vyote vilizidi, vyote kwa kiasi kilekile. Nilitilia shaka reli, nikapima diski, nikaitukana mashine ya watu bure. Tulikaa nusu saa kabla dada yako hajanyamaza ghafla kule ndani. Alikuwa ameacha nafasi ya mshono. Kila mfano ameuongezea upana wa kukunjia, kwa mazoea ya mkono, kama mtu anayekata suruali ya mtoto atakayerefuka. Tulicheka, yeye ndani na mimi nje, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki hiyo. Kisha nikavikata tena vyote.

Jana Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuweka. Nekesa alichanganya simiti, akajaribu kuilaza kwa mteremko, na haikukubali. Upande huu ukiinama, ule unanyanyuka. Mimi nje nampigia kelele za vipimo, yeye ndani anasema pimamaji linasema kingine. Hapo mama akarudi na Syombua, mapema kuliko tulivyotegemea. Niliikimbia ile sehemu ya mlango nikajibanza kwangu chini ya dirisha.

Nilimsikia mama akikalishwa kwenye kigoda, na Syombua akiaga. Kisha akasema, "Nekesa. Weka hicho chuma chini. Sakafu hupimwa kwa kiganja."

Shemeji, wewe umezaliwa kwenye nyumba aliyoikandika yule mama, unajua. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka arobaini amekandika sakafu kwa udongo na samadi, zake na za wakwe zake na za majirani waliomwita. Kama kuna mtu Ruiru nzima aliyejua maji ya kuosha miguu yanatakiwa kwenda wapi, alikuwa amelala juu ya kosa langu siku kumi na mbili akilipanguza.

Nekesa alimkataza kuinama. Alimwambia ametoka hospitali sasa hivi. Nikamsikia mama akijibu, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa, "Magoti haya yamepanguza maji wiki nzima. Leo acha yafanye kazi ya maana."

Mimi ningefanya nini? Nilitaka kupiga kelele kwamba simiti inaunguza ngozi, na ngozi yake sasa hivi haihitaji kuunguzwa. Nilikimbia nikachukua glavu zangu za kiwandani, nikazinyanyua dirishani nikazitikisa. Nekesa akazichukua. Mama hakuzivaa mara moja, maana glavu za mkwe nazo si kitu cha kuvaa tu hivi hivi. Kisha nikasikia karatasi za nailoni zikichakarisha. Alivaa mifuko ya mkate kwanza, ndipo akavaa glavu juu yake. Miiko ikabaki mahali pake na simiti mahali pake.

Sikuona chochote, nakueleza nilichosikia. Kiganja kikipapasa, kikipiga, kikirudi. Pumzi yake ikikatika, kisha kiganja tena. Nekesa akanipa kipimo cha kona. Nikakata, nikapitisha. Halafu, kwa miaka kumi na moja ya ndoa hii, mara ya kwanza, sauti ya mama mkwe ikaja moja kwa moja ukutani bila kupitia kwa mtu. "Huyo aliye nje. Hiki kipunguze kidogo upande wa mlango."

Nikazima mashine. "Ndiyo, mama," nikasema.

Vilipobaki vigae vitatu, stima ikapotea. Mtaa mzima ukanyamaza. Simiti haingoji stima, na mimi nilikuwa nimesimama na kigae kimeingia nusu kwenye diski iliyokufa. Nekesa akaanza kulaumu kila mtu. Mama alimwambia afunike simiti kwa gunia lililoloweshwa, waketi. Tukaketi sote watatu, wao huku na mimi kule, ukuta katikati.

Ni hapo ndipo nilipomwomba msamaha. Niliuambia ukuta, kusema kweli. Nilisema kosa la maji ni langu, nilionywa nikajifanya najua, na kama ni kurudi Kimilili basi asirudi akidhani ameharibu nyumba ya mtu. Mama akasema, "Hata mimi sakafu yangu ya kwanza ilimwaga maji jikoni. Mama mkwe wangu alikaa nayo miaka miwili hajanena."

Stima ilirudi baada ya saa moja hivi. Tukamaliza. Kigae cha mwisho kina pengo dogo kwenye kona, nilikisukuma kwa haraka. Nilitaka kukata kingine, mama akasema kiachwe.

Leo saa tisa, simiti ikiwa imeshika, Nekesa alimwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nje mahali bomba linapotokea. Kwanza halikutoka hata tone, na nikaona kila kitu kimeanza upya. Kisha maji yakaja kwenye bomba yote kwa pamoja, kama mtu anayemeza. Nilisubiri nisikie Nekesa anasema nini kuhusu mlangoni. Aliyesema ni mama. "Yameenda," akasema. Neno hilo tu. Nusu saa baadaye Nekesa alitoka akaniambia begi limerudi chini ya kitanda, tupu.

Sasa hivi anaoga, na mkwe hatakiwi kuwa uani mama mkwe akioga, kwa hiyo nimefukuzwa. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe la nje ya geti na koti langu la kazi. Mwangangi amepita akaniuliza floor imetokaje. Nimemwambia sijui.

Ni kweli sijui, shemeji. Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwangu, na sijaiona. Naijua kipande kimoja kimoja, lakini nimeikata kama mtu wa gizani. Nilitamani kuiona mpaka nikaanza kuhesabu ni lini nitaruhusiwa kuingia mle. Ndipo nikajikamata. Mlango ule utanifungukia siku moja kati ya mbili tu: siku mama atakapobeba begi lake akaenda nyumbani amepona, au ile nyingine, ambayo sitaki kuitaja. Ni ipi, sijui, na madaktari wanasema tusubiri. Kwa hiyo nimemwomba Mungu asinionyeshe hiyo sakafu kwa haraka.

Wewe ni mwanawe, wewe unaruhusiwa. Mkataba ukikuachia mwezi ujao, mama akiwa bado Ruiru, pitia hapa kabla ya Kimilili. Ingia, ukae naye, umwage maji kidogo, utazame. Mimi nitasimama chini ya lile dirisha, nawe utanieleza taratibu inafananaje.

Mama anakusalimu na anauliza kama unasali. Nekesa anakusalimu na anarudia lile la shingo. Awiti anataka umletee krayoni, za kwake nimezimaliza. Mwangangi na Syombua wanakusalimu pia. Mungu akulinde na lile jua, aulinde na mgongo wako, na sisi atuachie mama.

Wako akupendaye, aliye nje ya geti,
Shemeji yako, Philip.